Kiti cha Mtunzaji na Mkeka wa Mwalimu

Jumba la makumbusho ya sanaa lina kazi mbili ambazo hakuna anayezikana. Ya kwanza ni kutafuta vitu vyema, kuvithibitisha, kuviandika daftarini na kuvilinda visiharibiwe na wadudu, unyevu, moto wala wezi. Ya pili ni kuvifunua vitu hivyo kwa watu, ili aliyeingia mikono mitupu atoke na kitu moyoni. Wenye kazi ya kwanza huitwa watunzaji. Wenye kazi ya pili huitwa waalimu. Katika hotuba za wadhamini kazi hizi husifiwa kuwa ni pacha waliozaliwa siku moja. Katika matendo, mmoja hukalia kiti na mwingine hukalia mkeka karibu na mlango. Mtunzaji huamua kitakachonunuliwa, kitakachotundikwa na kitakachosemwa. Mwalimu huitwa baada ya misumari kugongwa, akaambiwa alete watoto wa shule.

Katika miaka ya karibuni baadhi ya majumba, hasa ya Marekani, yameanza kuweka cheo kimoja cha juu cha kusimamia utunzaji na elimu pamoja. Jambo hili limezua manung'uniko. Watunzaji wanaona wameshushwa; waalimu wanaogopa kumezwa. Juu ya ugomvi huo haki ni moja, nayo yafaa itamkwe bila kigugumizi: kazi hizi mbili zapaswa kuwa chini ya mkuu mmoja anayezijua zote na kuziheshimu sawasawa. Jumba linalozitenga, hata likijaa hazina za mataifa yote, ni ghala lenye taa nzuri.

Mfano mmoja utaonyesha jambo lenyewe. Mwaka 1956 Sam Ntiro, Mchaga wa Tanganyika aliyesoma na kufundisha Makerere, alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Mtunzaji wa jumba kama lile ana wajibu wake: kuandika jina la mchoraji, mwaka, kipimo, aina ya rangi na fungu la fedha lililolipa bei. Wajibu huo si mdogo, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mtoto wa New York asimamaye mbele ya picha ile ana maswali ambayo daftari haliyajibu. Kwa nini pombe ichukuliwe na wanaume wengi, wala si mmoja? Kwa nini usiku? Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ni kinywaji tu, au ni neno ambalo ukoo mmoja huuambia ukoo mwingine? Mtoto huyo akiambiwa kwamba hizo ni rangi za mafuta juu ya kitambaa, kisha akaachwa, ameambiwa kweli isiyomfaa. Naye mwalimu atakayetakiwa kumjibu, ikiwa hakuwapo picha iliponunuliwa, wala ilipochaguliwa mahali pa kutundikwa, wala kadi yake ya maelezo ilipoandikwa, atajibu kwa kubahatisha. Hapo kosa halitakuwa la mtunzaji wala la mwalimu. Litakuwa kosa la aliyeigawa nyumba vyumba viwili bila ya kuweka mlango kati yao.

Waanzilishi wa kale hawakujenga hivyo. Makumbusho ya South Kensington, ambayo sasa hujulikana kwa majina ya Victoria na Albert, yalifunguliwa mahali pake London mwaka 1857 chini ya Henry Cole. Cole alikuwa mtumishi wa serikali, si mtaalamu wa vyungu wala wa vitambaa. Lakini alijua swali la kuuliza, nalo lilikuwa: kitu hiki kitamfaa nani? Alitia taa za gesi ili mfanya kazi aliyefungwa kiwandani mchana apate kuingia jioni. Shule ya sanaa ilikuwa katika kiwanja kile kile, na vitu vya jumba vilifungwa masandukuni vikapelekwa katika shule za sanaa za miji mingine ili vikaonwe na wasioweza kusafiri. Kwake kununua na kufundisha vilikuwa tendo moja lenye mikono miwili. Kama ana lawama, lawama yake ni nyingine. Ya kutenga elimu na hazina hana.

Ufa ulionekana wazi katika mji wa Boston mwanzoni mwa karne ya ishirini. Makumbusho ya Sanaa ya mji huo yalifunguliwa mwaka 1876, na fahari yake mojawapo ilikuwa nakala za plasta za sanamu za Uyunani, Rumi na Italia. Nakala hizo ziliwekwa kwa ajili ya elimu, kwa kuwa watu wengi wa Boston wasingeweza kuvuka bahari kwenda kuona sanamu zenyewe. Ilipowadia fikira ya kujenga jumba jipya, swali likazuka: je, plasta ipewe nafasi ya heshima ndani yake? Edward Robinson, mkurugenzi na mjuzi wa sanaa za kale, alizitetea nakala. Matthew Prichard, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa jumba, alizipinga, na pamoja naye alisimama katibu, Benjamin Ives Gilman. Hoja yao ilikuwa kwamba jumba la sanaa lipo kwa ajili ya uzuri wenyewe. Nakala ni chombo cha masomo, na chombo cha masomo kikae shuleni. Wadhamini wakagawanyika. Mwaka 1905 Robinson alijiuzulu, akaenda Makumbusho ya Metropolitan ya New York, ambako baadaye alikuwa mkurugenzi. Jumba jipya la Boston lilipofunguliwa mwaka 1909, ushindi ulikuwa wa vitu vya asili.

Mwenye insafu atakubali kwamba washindi walikuwa na sehemu ya kweli. Jiwe lililochongwa na mkono wa fundi lina pumzi ambayo plasta haina, na mtu aliyelishwa nakala maisha yake yote anaweza kufa bila kujua ladha ya kitu chenyewe. Kosa lao halikuwa kupenda vitu vya asili. Kosa lao lilikuwa kutoka katika hoja ya plasta na kurukia hoja ya elimu. Gilman alifundisha kwamba makumbusho ya sayansi yana tabia ya shule, na makumbusho ya sanaa yana tabia ya hekalu. Mfano huo ulipendeza masikioni, ukaenea, na tangu hapo mwalimu katika jumba la sanaa akawa kama mgeni aliyeingia na viatu mahali patakatifu.

Lakini tazama matendo ya Gilman mwenyewe. Mwaka 1907 ni yeye aliyeanzisha Boston utaratibu wa watu wa kuwaongoza wageni mbele ya picha na sanamu, akawapa jina la dosenti, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kufundisha. Tena mwaka 1916 alitangaza uchunguzi juu ya uchovu wa wageni. Alimtaka mtu atafute majibu ya maswali fulani katika makabati na kadi za jumba, naye akapigwa picha akiwa katika kazi hiyo: hapa ameinama, pale amechutama, hapa tena amejikunja shingo apate kusoma herufi zilizowekwa chini ya kimo cha binadamu. Picha zile ni ushahidi usiopingika. Makabati yalikuwa yamepangwa na wenye kujua vitu, wala hawakufikiri mgongo wa mwenye kuvitazama. Basi mhubiri wa hekalu aligundua mwenyewe kwamba hekalu lisilo na mfasiri ni bubu, na kwamba mtu hawezi kuabudu uzuri huku kiuno kinamuuma. Swali lilikuwa la mwalimu. Jibu, yaani kuinua kabati na kuhamisha kadi, lilikuwa la mtunzaji. Kichwa kimoja kiliyashika yote mawili, ndiyo maana yakakutana.

Bahati mbaya wafuasi walirithi neno la hekalu wakaacha mfano wa makabati. Dosenti alipokelewa katika majumba mengi, lakini alipokelewa nje ya baraza. Mahali pengi kazi yake ilifanywa kuwa ya kujitolea, isiyo na mshahara. Taasisi ya Sanaa ya Chicago ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1961, ikauvunja mwaka 2021, na kelele zikasikika nchini kote. Waliouvunja walisema kwamba kazi ile haikuwa wazi ila kwa wenye wasaa na mali, na kwamba waalimu walipaswa kulipwa. Waliovunjiwa walisema kwamba wametupwa baada ya utumishi wa miaka mingi na mafunzo mengi. Katika pande zote mbili palikuwa na haki. Lakini swali kubwa zaidi halikusikika sana: ilikuwaje nyumba tajiri iache sehemu kubwa ya kazi ya kuwafunza watoto wa shule mikononi mwa watu wasiolipwa kwa muda wa miaka sitini? Hakuna mdhamini aliyepata kushauri kwamba shaba za China zitunzwe na wapita njia wenye nia njema, siku mbili kwa juma. Kazi ambayo nyumba huithamini huilipa. Kazi ambayo huisifu tu huiombea watu wa kujitolea.

Kipimo cha pili ni siku ya dhiki. Makumbusho ya Victoria na Albert yaliendeleza kwa miaka mingi idara ya kusafirisha vitu na maonyesho mikoani, mtoto halali wa masanduku ya Cole. Serikali ilipotaka gharama zipunguzwe katika miaka ya 1970, idara hiyo ndiyo iliyofungwa. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango ya New York, jumba lile lile lililonunua picha ya Ntiro lilikatisha mikataba ya waalimu wake wa muda. Sababu zilikuwapo, na hakuna anayedai kwamba hazina za fedha hazina mwisho. Lakini kisu kinachokuja mara mbili, katika nchi mbili, kwa vizazi viwili, kikaangukia upande ule ule, si bahati mbaya. Hukata pale ambapo hakuna mtu mkubwa wa kukizuia. Mwalimu hukatwa kwanza kwa sababu siku ya kukata hayumo chumbani.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba haya ni magomvi ya ng'ambo yasiyomhusu. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908, nayo hayakuwa ya sanaa peke yake. Hata hivyo, yana somo kubwa juu ya jambo hili. Vitu vilikusanywa, miongoni mwao vile vya ibada na uganga, vikawekwa Kampala. Watu wa mji wakaiita nyumba ile nyumba ya mayembe, yaani ya hirizi na pembe za waganga. Jina hilo ni hukumu. Wenye nyumba walidhani wameweka elimu. Wenye vitu waliona vimewekwa vitisho. Walitazama kabati moja, wakasoma mambo mawili, wala hakuwapo mtu kati yao mwenye cheo cha kuyasemesha.

Katika miaka ya mwanzo ya 1940 utunzaji wa makumbusho hayo uliangukia mikononi mwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa ameanzisha mafunzo ya sanaa Makerere. Mawazo yake juu ya namna Mwafrika apasavyo kuchora yamepingwa, na kwa haki, maana hakuna mwalimu anayepewa ruhusa ya kuwachagulia wanafunzi wake roho. Lakini kiti alichokikalia kinafaa kutazamwa mbali na mkaaji wake. Mtu yule yule aliyeulizwa ngao hii imetoka wapi aliulizwa pia kijana huyu afundishwe nini. Vyungu, vikapu na magome ya miti havikuwa mbali na darasa. Katika shule ile walipita Gregory Maloba, mchongaji wa mnara wa uhuru wa Kampala. Sam Ntiro mwenyewe. Na Elimo Njau, ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa katika Nairobi, mahali ambapo kuonyesha na kufundisha havikutengwa. Baada ya Trowell, Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, alikataa ngoma na zeze zinyamaze makabatini. Aliweka wapigaji ndani ya jumba, na mgeni aliyeona ala akaisikia. Mtunzaji anayejua kwamba ngoma isiyolia haijatunzwa bado, huyo amekwisha kuwa mwalimu.

Sasa na zisikilizwe hoja za wapinzani, maana zipo na si zote dhaifu. Wa kwanza husema: hakuna mtu mmoja awezaye kujua elimu mbili kubwa kama hizi, ukizitia chini ya mkuu mmoja, ujuzi utapungua. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama watunzaji wenyewe wangekuwa na elimu moja. Lakini mjuzi wa vyombo vya China na mjuzi wa picha za Kiholanzi hawajui kazi ya mwenzake, na wote wawili hukaa chini ya mkuu mmoja bila ya mmoja wao kufa kwa aibu. Mkuu hatakiwi kujua kila kitu. Hutakiwa kujua nani anajua, na kumpa nafasi ya kusema.

Wa pili husema: mwalimu akipewa nguvu ataishusha sanaa iwe mchezo wa watoto; yatanunuliwa yanayovuta makundi, na yaliyo magumu yatatupwa ghalani. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini imebandikwa mtu asiye wake. Tamaa ya makundi hutoka mara nyingi kwa mwenye kuhesabu tiketi, si kwa mwenye kufundisha. Mwalimu wa kweli hupenda kitu kigumu, kwa kuwa kitu rahisi hakimhitaji. John Cotton Dana, mkutubi aliyeanzisha Makumbusho ya Newark mwaka 1909, alikopesha vitu mashuleni, akaonyesha kazi za mikono na za viwandani pamoja na picha, na kutaka kila kitu kihesabiwe kwa faida yake kwa watu wa mji. Alichekwa na waliopenda nguzo za marumaru. Lakini mji wa mafundi na wahamiaji ulipata nyumba ulioweza kuiita yake.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito kupita wote. Hao husema: mafahali wawili hawakai zizi moja, muungano huu ni hila ya kuokoa mshahara mmoja, na mwishowe mtunzaji ndiye atakayepewa kiti, mwalimu abaki pale pale mkekani, ila sasa mkeka umo ndani ya chumba cha bwana wake. Yeyote aliyetazama ulimwengu hawezi kusema kwamba jambo hilo haliwezekani. Cheo huweza kuandikwa mlangoni kwa maneno mawili, "utunzaji na elimu", na neno la pili likawa pambo la la kwanza. Muungano wa namna hiyo ni mbaya kuliko utengano, kwa sababu humnyang'anya mwalimu hata haki ya kulalamika.

Kwa hiyo muungano wa kweli hutambulikana kwa alama zinazoonekana. Alama ya kwanza ni historia ya aliyechaguliwa: awe amepata kusimama mbele ya darasa la watoto wenye kupiga miayo, na awe amepata kukaa na daftari la vitu usiku akitafuta asili ya kitu kimoja. Aliyefanya moja tu kati ya hayo ajifunze la pili kabla ya kutawala. Ya pili ni wakati: mwalimu awe mezani siku fikira ya maonyesho inapozaliwa, si siku ya kukata utepe. Ya tatu ni ujira: ngazi za vyeo na mishahara za pande mbili zilingane, ili kijana mwenye akili asikimbie elimu kwa kuogopa umaskini. Ya nne ni kadi ya maelezo: isipigwe chapa kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mtu asiye mjuzi, na ikiwa hakuelewa, iandikwe tena na mtunzaji pamoja na mwalimu. Ya tano ni siku ya dhiki: kisu kikija, kikate pande zote mbili kwa kipimo kimoja, na mkuu aliyekubali kukata upande mmoja aulizwe sababu mbele ya wadhamini.

Yasipokuwapo mambo hayo, jina la cheo ni rangi juu ya ukuta wenye ufa. Yakiwapo, jumba halitakuwa hekalu la wachache wala soko la kelele. Litakuwa mahali ambapo vitu vimetunzwa vizuri kwa sababu watu wanavihitaji, na watu wanavihitaji kwa sababu wamefundishwa kuviona.

Haya yanawahusu zaidi vijana wanaosoma sasa, kwa maana wao ndio watakaoitwa kuongoza majumba ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na wengine wao majumba ya mbali zaidi. Wataletewa ramani za majengo, orodha za vitu na michoro ya vyeo. Katika mchoro wa vyeo watatazama wamtafute mwalimu. Wakimkuta chini kabisa, pembeni, karibu na mwuza tiketi na mfungua mlango, wasitie sahihi. Picha ya Ntiro ilichorwa kwa ajili ya mtu atakayeuliza ile pombe inapelekwa wapi, na kwa nani, na kwa nini usiku. Nyumba isiyoweza kumjibu haina haki ya kusema kwamba picha hiyo ni yake.